Waliwinda Pamoja, Nyumbani Wakapoteana



Aliyewahi kufika Tabaka, kule Mugirango Kusini, amewaona wachongaji wa mawe wakiwa kazini. Mara nyingi baba ndiye anayeshika kisu. Analichonga jiwe mpaka shingo ya swala inatokea, kisha pembe, kisha miguu. Halafu swala huyo anatoka mikononi mwa baba na kupelekwa kwa mama. Mama amekaa mbele ya karai la maji na kipande cha msasa. Anamsugua, anamwosha, anamsugua tena, mpaka jiwe linateleza na vidole vya mama vimechubuka. Mnunuzi akija kutoka Nairobi au ng'ambo huuliza swala huyu ametengenezwa na nani, na jina linalotajwa ni la baba.

Mwezi huu tunawasimulia maisha ya mama mmoja ambaye naye aliimalizia kazi ya mumewe kwa vidole vyake. Jina lake ni Delia Akeley, na mumewe aliitwa Carl. Walikuwa wawindaji, mtu na mkewe. Walianza na wanyama wa kwao Marekani, kisha wakaja kuwinda hapa kwetu Kenya, na siku moja mke alimwokoa mume kwenye msitu wa Mlima Kenya. Hata hivyo ndoa yao ilivunjika.

Tunajua baadhi yenu mtauliza kwa nini ukurasa wa ndoa wa Kikatoliki unawaletea habari za watu walioachana, tena mmoja wao akiwa ameachana zaidi ya mara moja. Watakatifu tumewasimulia mara nyingi, na tutaendelea. Lakini padre anayesikiliza matatizo ya wanandoa atawaambia kwamba wengi hawaji kwake kwa sababu ya ulevi au hawara. Wanakuja wakiwa wamechoka, kila mmoja amefanya kazi yake vizuri, na hawaelewi walipoteana wapi. Habari ya Delia na Carl ni ya watu wa namna hiyo.

Delia alizaliwa karibu na Beaver Dam, jimbo la Wisconsin, katika familia ya wakulima Wakatoliki waliohamia Marekani kutoka Ireland. Vitabu vingine huandika kwamba alizaliwa 1869, vingine 1875. Kwao kulikuwa na kazi nyingi na ukali mwingi. Akiwa na miaka kama 13 hivi alitoroka akaenda mjini Milwaukee, na mwaka 1889 akaolewa na kinyozi aliyeitwa Arthur Reiss. Kinyozi huyo alipenda kuwinda, na mmoja wa wenzake wa mawindoni alikuwa kijana Carl Akeley, aliyezaliwa 1864 katika jimbo la New York. Mnaona mwenyewe hadithi inakoelekea. Ndoa ya kwanza ilivunjika, na tarehe 23 Desemba 1902 Delia akaolewa na Carl. Hapo mwanzoni pana ufa, wala hatuwezi kuufunika.

Kazi ya Carl ilikuwa kuwapa wanyama waliokufa sura ya kuwa hai. Zamani mafundi wa kazi hiyo waliijaza ngozi nyasi na vitambaa kama mtu anavyojaza godoro, na mnyama alionekana kama gunia lenye miguu. Carl alikataa njia hiyo. Alipima mifupa, akafinyanga mwili mzima na misuli yake kwa udongo, akatoa umbo jepesi kutoka kwenye kinyago hicho, ndipo akalivika ngozi. Kwa hiyo ilimbidi awinde mwenyewe, kwa sababu fundi asiyemwona mnyama akikimbia hajui bega lake linavyokunjika.

Kazi iliyomletea sifa kwanza ilikuwa ya ayala. Wanaosali Zaburi wanamkumbuka, ndiye yule mwenye kiu katika Zaburi ya 42. Kwetu hayupo. Anayefanana naye kidogo ni kulungu, lakini ayala dume huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine, jambo ambalo kulungu hafanyi. Ayala wa Marekani hubadilisha hata koti: kiangazi ni jekundu, baridi ikija linageuka kijivu. Carl alitaka watu wa mjini Chicago, ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kukanyaga msituni, wayaone hayo yote. Akapanga kutengeneza familia nne za ayala kwa ajili ya makumbusho ya Field, kila familia katika majira yake ya mwaka, pamoja na miti, nyasi na theluji.

Lakini mti unataka majani, na majani halisi hunyauka. Basi kila jani lilitengenezwa kwa nta na pamba, likapakwa rangi na kufungwa kwenye tawi. Majani ya masika hayafanani na ya vuli, na jani la chini ya mti halina rangi sawa na la juu. Yalihitajika maelfu kwa maelfu. Kwa miaka kadhaa Delia alikaa na Carl kwenye karakana akitengeneza majani. Kazi ilimalizika mwaka 1902, mwaka uleule waliooana, na mpaka leo wale ayala wanatazamwa kule Chicago. Wanaitwa ayala wa Akeley. Mtu akisikia jina hilo humfikiria Carl.

Mwaka 1905 makumbusho yaliwatuma wote wawili Afrika Mashariki kuwinda ndovu. (Ndio mwaka askari wa Mwingereza walipoingia Gusii kwa bunduki na kuwanyang'anya wazee wetu ng'ombe, lakini hiyo ni habari nyingine.) Delia hakuwa amezoea silaha kubwa. Akajifunza. Hakukaa kambini kumpikia mumewe chai. Alitembea naye kwenye mianzi na baridi ya Mlima Kenya, na huko akamwangusha dume mwenye pembe kubwa. Ukiingia leo katika makumbusho ya Field utawakuta ndovu wawili wakubwa wamesimama kama wanaopigana. Mmoja wao alipigwa risasi na Delia.

Hatusemi haya ili mtu yeyote katika Nyamira au Kisii atafute bunduki. Serikali yetu ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na vilima vyetu vimejaa chai, ndizi na nyumba kiasi kwamba mnyama wa kuwinda angekosa pa kujificha. Tunachotazama ni jinsi watu wawili walivyofanya kazi. Mawindoni kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi. Mmoja akipiga risasi ikakosa, maisha yake yako mikononi mwa mwingine. Wangapi kati yetu tunajua, saa hii, mwenzetu anapambana na nini?

Walikuja tena mwaka 1909, safari hii kwa ajili ya makumbusho makubwa ya historia ya viumbe ya New York. Mwezi Juni 1910 Carl alikuwa juu Mlima Kenya na wasaidizi wachache, na Delia amebaki kambi ya chini. Ndovu akamjia Carl ghafla kutoka nyuma. Bunduki haikufyatuka. Carl alikamata pembe mbili za ndovu, akajining'iniza katikati yake, na ndovu akamgandamiza chini. Aliokoka kwa sababu pembe ziligonga kitu kigumu ardhini zikashindwa kuzama. Mkonga uliuchana uso wake, mbavu zikavunjika, pafu likatoboka. Wasaidizi walipomwona hajitingishi waliamini amekufa, wakamwacha pale kwenye baridi kwa masaa.

Habari ilimfikia Delia kwamba bwana ameuawa na ndovu. Hakungoja asubuhi. Aliondoka usiku uleule pamoja na wapagazi, ambao kwa haki kabisa waliogopa kupita msitu wa ndovu gizani, na mvua ilikuwa ikinyesha. Njia yenyewe walikuwa hawaijui vizuri. Siku iliyofuata alimfikia. Carl alikuwa hai. Delia alimwosha, akamfunga majeraha, daktari wa misheni akaitwa, na mgonjwa akateremshwa mlimani kwa machela. Ilichukua miezi kabla hajaweza kusimama kama zamani, na miezi hiyo muuguzi wake alikuwa mkewe.

Sasa tafadhali msome hapa polepole. Akiwa kitandani, akiuguzwa, Carl alipata wazo ambalo lilimshika mpaka kufa: kujenga katika makumbusho ya New York ukumbi mkubwa wa wanyama wa Afrika, wenye ndovu katikati na mandhari ya bara zima kuuzunguka. Lilikuwa wazo zuri. Ukumbi huo upo, ulifunguliwa 1936, na mamilioni ya watoto wa shule wameuona. Lakini kuanzia siku ile nyumba ya Akeley ilikuwa na mpangaji wa tatu, naye alikula saa zote za Carl.

Mwishoni mwa mwaka 1911, mwaka ambao mapadre wa Mill Hill walianzisha misheni ya Nyabururu, wawili hawa walikuwa wakirudi Marekani. Hawakuja tena Afrika pamoja.

Mjini New York Carl alifanya kazi mchana na usiku. Alitafuta fedha za ukumbi, alifinyanga sanamu, na alibuni kamera mpya ya sinema kwa ajili ya kupiga picha za wanyama. Na Delia? Mwanamke aliyekuwa ameangusha ndovu sasa alikaa katika nyumba ya kupanga akimtunza tumbili. Msicheke. Najua kwetu tumbili ni mwizi wa mahindi na hana heshima yoyote. Lakini huyu alikamatwa Kenya akiwa mdogo, akapewa jina la J.T., na Delia akamlea kama mtu alavyo na mtoto wake mezani. Aliishi naye miaka kama tisa. Tumbili alikua, akawa mkali, akavunja vitu, akawauma watu. Mwisho alimuuma Delia mguuni vibaya sana hata akalala mgonjwa kwa muda mrefu, na bado hakutaka kuachana naye. Baadaye ndipo alipompeleka kwenye bustani ya wanyama mjini Washington. Miaka kadhaa baadaye aliandika kitabu kizima juu ya maisha ya tumbili huyo.

Delia na Carl hawakujaliwa mtoto. Hatukuwa ndani ya nyumba yao, na hatutasema kwamba hilo ndilo lililowatenganisha. Lakini sisi tunaoishi Gusii tunajua uzito wake. Mke asiyezaa huitwa omogumba, na neno hilo hutamkwa jikoni kwa mama mkwe, sokoni, na wakati mwingine, samahani, hata nje ya kanisa baada ya Misa. Mume haitwi kitu. Mara ngapi mume amekubali kwenda hospitali kupimwa pamoja na mkewe? Kanisa linafundisha wazi kwamba ndoa ya wasiojaliwa watoto ni ndoa kamili, wala haina upungufu wa kisakramenti. Hata hivyo huzuni ya nyumba kama hiyo ni ya wawili. Ikiachiwa mmoja peke yake, ataipeleka mahali. Delia aliipeleka kwa tumbili, kama kweli ilikuwa huzuni hiyo. Wengine huipeleka dukani, kwenye pombe, au kwenye vikundi vya maombi ambavyo vinamfanya mtu asikae nyumbani jioni hata moja. Carl naye aliipeleka ukumbini.

Kosa lilikuwa la nani? Wanaompenda Carl wamesema Delia alimpa mnyama nafasi ya mume. Wanaompenda Delia wamesema Carl alimtumia mkewe kama chombo cha kazi, na kazi ilipobadilika akakosa matumizi naye. Mimi nadhani kuna jambo jingine dogo zaidi. Mawindoni waliongea kila siku, kwa sababu asiyeongea angeuawa. Mjini hakuna ndovu. Mtu anaweza kunyamaza mwaka mzima na asife.

Vita Kuu ilipowafikia Wamarekani, Delia alikwenda Ufaransa kuwahudumia askari kwenye kantini. Aliporudi hapakuwa na nyumba ya kurudia. Mwaka 1921 Carl alisafiri kwenda Kongo kutafuta sokwe wa milimani, na Delia hakuwa pamoja naye. Mwaka 1923 talaka ikatolewa mahakamani. Mwaka uliofuata Carl alioa mwanamke mwingine, Mary Jobe, ambaye naye alikuwa msafiri shupavu wa milimani.

Hapa nawaomba tuweke kitabu chini kidogo, turudi Nyamira.

Chukua nyumba ya wakulima wa chai, na ziko nyingi. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri, anachuma majani mawili na chipukizi mpaka kikapu kinamkata mgongo, anakipeleka kituoni, anasimama foleni ya mizani. Baba amepalilia, ametia mbolea, amekata miti, hatusemi yeye ni mvivu. Lakini namba ya chai ina jina la baba. Siku ya bonasi fedha zinakuja kwa jina hilo. Kuna akina baba wanaorudi nyumbani siku hiyo, wanaweka karatasi mezani na kusema tumepata hizi, tupange karo, tupange bati. Wapo pia wanaoonekana Keroka au Kisii mjini kwa siku tatu, na mama anajua kiasi kilicholipwa kwa kumuuliza jirani. Baba huyo hakumpiga mkewe, wala hakuleta mke wa pili. Akiulizwa na padre atasema nyumba yake ni ya amani.

Mama naye asijifanye hana lake. Kuna mama ambaye mumewe akimwuliza siku ilikuwaje humjibu kwa neno moja, kisha kwa jirani anaeleza kwa saa nzima. Kuna anayesema watoto wangu, shamba langu, kuku wangu, mpaka baba anajiona kama mgeni anayeleta sukari.

Tungewaomba jioni moja, watoto wakiwa wamelala, mjaribu jambo hili. Kila mmoja ataje kazi tatu ambazo mwenzake alifanya juma lile, na ambazo hakuna mtu aliyemshukuru. Msitaje makosa siku hiyo. Wenzetu wa jumuiya moja ndogo ndogo walipojaribu, mume mmoja alishindwa kufika ya pili. Alikaa kimya, kisha akasimama akaenda kumchotea mkewe maji ya kuoga, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu wafunge ndoa. Kama namba ya chai, hati ya shamba au kitabu cha benki vina jina moja tu, zungumzeni pia kwa nini. Huenda kuna sababu nzuri. Isemwe basi.

Tumalizie safari ya Delia. Wengi walitegemea kwamba mwanamke aliyeachwa, mwenye umri wa miaka hamsini hivi, atakaa kimya. Mwaka 1924 makumbusho ya Brooklyn yalimtuma Afrika, bila mzungu mwingine, akiwa na wasaidizi Waafrika tu. Alipanda Mto Tana kwa mtumbwi, akapita nchi kavu ya upande wa Wasomali, akaenda hadi Kongo akakaa na Wambuti wa msitu wa Ituri, na mwaka 1925 akatokea pwani ya magharibi ya bara. Safari hii jina lililoandikwa kwenye masanduku ya wanyama lilikuwa lake.

Carl alirudi Kongo mwaka 1926 pamoja na Mary. Ombi lake la kuwahifadhi sokwe lilikuwa limekubaliwa mwaka uliotangulia, na mbuga iliyoanzishwa ndiyo leo inaitwa Virunga. Lakini mwili ulikuwa umechoka. Alifariki tarehe 17 Novemba 1926 kwenye mteremko wa Mlima Mikeno, akazikwa palepale. Mary alimalizia kazi iliyobaki, na ukumbi wa New York ukapewa jina la Akeley.

Delia aliolewa tena mwaka 1939, akafiwa na mume huyo mwaka 1951. Aliishi maisha marefu, mengi yakiwa kimya, na akafariki Daytona Beach, Florida, mwezi Mei 1970. Ndovu wake bado anasimama pale Chicago mbele ya kila anayeingia, na katika ukumbi mwingine wa jumba hilohilo ayala wamesimama chini ya miti yao. Majani ya nta hayajadondoka.